Je, Kuna Hesabu Baina ya Mume na Mke?

Utangulizi

Katika miji midogo ya nchi zetu, na hasa ile iliyoko mipakani kama vile Busia, Malaba na Mutukula, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko, biashara nyingi ndogo ndogo huendeshwa na watu wawili ambao ni mume na mke. Huyu hufungua duka alfajiri, yule huenda kwa muuzaji wa jumla kutafuta bidhaa. Huyu hupima sukari na chumvi, yule huandika madeni ya wateja. Jioni hufunga mlango mmoja, hurudi nyumba moja, hula chungu kimoja. Mtu akiwauliza, "Katika faida ya leo, fungu la nani ni lipi?" huenda wote wawili wakacheka. Swali lenyewe litaonekana kuwa ni utovu wa adabu.

Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo kwa uzito wake. Je, mume na mke wafanyao biashara pamoja wanapaswa kuandikiana hesabu, kila mmoja akajua alichotia, alichotoa na kilicho chake? Au hesabu ni jambo la watu baki, ambalo likiingia nyumbani huharibu mapenzi? Swali hili si la uhasibu tu. Ni swali la maadili, kwa kuwa ndani yake mna haki, uaminifu, na heshima ya kazi ya mtu. Wala halihusu siku ya hasara peke yake. Duka likifilisika hapana kikubwa cha kugombania. Ugomvi huja duka linapostawi, au mmoja wa wawili anapofariki, na ndugu wakaja kuuliza mali ni ya nani.

Maoni yangu ni kwamba hesabu baina ya mume na mke ni wajibu, na kwamba mapenzi yenyewe huihitaji. Lakini kabla ya kufika huko hatuna budi kuwasikiliza kwa haki wale wasemao kinyume, kwani hoja zao si za kupuuzwa.

Neno "kusaidia"

Kwa kuwa sisi ni walimu na wanafunzi wa lugha, na tuanze na neno. Mwulize mwanamume mwenye duka ni nani yule aliye nyuma ya meza, naye atajibu, "Ni mke wangu, ananisaidia." Jibu hili ni la kawaida mno hata hatulisikii. Hebu tulichambue. Kitenzi kusaidia kina watu wawili wasio sawa: yuko mwenye kazi, na yuko mwenye kumwongezea nguvu katika kazi isiyokuwa yake. Asaidiaye hushukuriwa, hagawiwi. Jirani akitusaidia kupakua magunia tutampa soda na kumwambia ahsante, wala hatarudi mwisho wa mwaka kudai fungu katika faida. Basi mume anaposema "ananisaidia," bila ya kukusudia ubaya wowote, amekwisha kuamua kwa kitenzi kimoja kwamba duka ni lake, na kwamba miaka kumi ya mkewe nyuma ya meza ni fadhila.

Linganisha na maneno mengine ambayo Kiswahili kinayo tayari. Tuna ubia na mbia, tuna shirika na mshirika. Mbia hasemwi kwamba anasaidia. Mbia ana fungu katika faida, na ana fungu katika hasara. Tena wako watu wa adabu ambao hawapendi kusema "mke wangu" au "mume wangu" mbele za watu, husema "mwenzangu." Neno hili lina maana kubwa kuliko tunavyolitumia. Mwenzi ni aliye pamoja nawe katika jambo lilelile: mwenzi wa safari huenda safari ileile, mwenzi wa kazi hufanya kazi ileile. Lugha imekwisha kutupa neno la usawa. Tunalitumia tunapokaribisha wageni, na tukifika dukani tunalisahau.

Mtu atasema kwamba maneno ni maneno tu. La hasha. Siku ya mashtaka au ya mirathi mashahidi huulizwa, "Lilikuwa duka la nani?" Nao hujibu kwa maneno waliyozoea kuyasikia.

Duka ni nini?

Huenda neno kusaidia lisingetupotosha kama tungejua duka ni kitu gani. Wengi wetu tukisema "duka" twafikiria kuta, rafu na bidhaa. Historia ya Uganda ilitoa funzo kali juu ya jambo hili. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, akawapa muda wa siku 90. Mengi ya maduka yao yalikuwa yakiendeshwa na jamaa nzima, mume, mke na watoto wakipokezana nyuma ya meza. Yaligawiwa watu wengine, wakiwamo askari wengi na watu waliokuwa karibu na wakuu. Wananchi wakawaita "mafuta mingi," jina la Kiswahili cha mitaani ambalo limebaki katika historia ya nchi. Wenye kugawiwa walipokea kuta, rafu na bidhaa zilizokuwamo. Hata hivyo maduka mengi yalikauka baada ya muda mfupi. Husimuliwa hadi leo kwamba walikuwapo waliomwuliza mnunuzi mwenyewe bei ya kitu alichokuja kununua.

Dhuluma waliyotendewa waliofukuzwa ni habari nzito inayostahili makala yake. Hapa twachukua funzo moja tu: bidhaa zilibaki, lakini duka liliondoka. Duka lilikuwa ni kujua nani hukopa akalipa na nani hukopa akahama mtaa, bidhaa gani huisha kabla ya sikukuu, na muuzaji gani wa jumla hupunguza bei. Lilikuwa ni saa nyingi za kusimama, kupima na kungoja. Mambo hayo hayaonekani rafuni, yamo ndani ya watu. Kwa hiyo mke akaaye nyuma ya meza tangu alfajiri hadi usiku hawezi kuitwa msaidizi wa duka. Yeye na mumewe ndio duka.

Hoja za wasiotaka hesabu

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu. Hoja zao kubwa ni tatu.

Hoja ya kwanza ni ya wanafalsafa. Aristotle wa Uyunani, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha katika kitabu chake cha maadili kwamba watu waliokwisha kuwa marafiki hawahitaji tena haki iwapatanishe. Ikiwa ni hivyo kwa marafiki, je, si zaidi kwa mume na mke? Naye Hegel, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha sheria na haki kilichotoka mwaka 1821, aliwalaumu wale walioifanya ndoa kuwa mkataba kama ule wa kununua na kuuza. Kwa maoni yake ndoa huanza kwa makubaliano ya wawili, lakini makubaliano yenyewe ni ya kuacha kuwa wawili. Tukimfuata, kumwandikia mwenzako deni ni kama mkono wa kulia kuudai mkono wa kushoto.

Hoja ya pili ni ya mila. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliueleza ujamaa kwa mfano wa jamaa ya Kiafrika ya zamani, ambamo kila mtu alikuwa mfanyakazi na kila mtu alikuwa na hakika ya kula. Katika jamaa hiyo hapakuwa na daftari. Jembe lilikuwa letu, ghala letu, njaa yetu. Wasemao hivi huona kwamba daftari la mume na mke ni ugeni ulioletwa na fedha, na kwamba fedha, kama ilivyo desturi yake, imekuja na fedheha.

Hoja ya tatu ni ya uzoefu, na pengine ndiyo yenye nguvu zaidi. Hesabu huzaa shaka. Siku Baba Juma atakapomwuliza Mama Juma, "Ile elfu mbili ya jana ilikwenda wapi?" jambo fulani limekwisha kuvunjika. Afadhali, husema watu hawa, kupotewa na elfu mbili kuliko kupotewa na amani ya nyumba.

Gunia la sukari

Tuianze hii hoja ya tatu, nasi tuipime kwa mfano wa dukani. Tuseme Baba Juma na Mama Juma wamenunua gunia la sukari la kilo 50 kwa shilingi 180,000. Wanauza kilo moja kwa shilingi 4,000. Gunia lote likiuzwa litaleta shilingi 200,000, na faida itakuwa shilingi 20,000. Sasa, shilingi 20,000 ni bei ya kilo ngapi? Ni kilo tano tu. Hapo ndipo penye siri ya biashara ndogo: katika kilo 50, kilo 45 ni za kurudisha fedha ya kununulia, na tano za mwisho ndizo faida yote.

Basi tuangalie zile kilo tano. Asubuhi mtoto hutumwa dukani kuleta sukari ya chai. Mchana mgeni amefika, akatiliwa sukari katika uji. Jumamosi mama mkwe amekuja kutembea, hawezi kurudi mikono mitupu. Mteja mwema ameongezewa kidogo juu ya kipimo. Hakuna aliyeiba. Kila tendo katika haya ni zuri, na mengine ni ya wajibu. Gunia likiisha, sanduku la fedha lina shilingi 180,000 zilezile. Wamefanya kazi ya wiki nzima bila ya kupata hata senti moja, nao hawajui ni kwa nini.

Hapo ndipo shaka inapozaliwa. Baba Juma atawaza moyoni kwamba mkewe huwapelekea ndugu zake. Mama Juma atawaza kwamba mumewe hutoa fedha za kuwanunulia marafiki vinywaji. Wote wawili ni waaminifu, na wote wawili wanadhaniwa wezi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze kwamba mali hiyo haipotei peke yake, hupotea pamoja na jina jema la aliyekuwa karibu nayo.

Kama kila kikombe kilichokwenda nyumbani kingeandikwa, wangeona wazi kwamba faida yao wameinywa katika chai. Wangeweza basi kuamua kupunguza, au kuamua kwamba hivyo ndivyo wanavyotaka, na duka liwe la kuwalisha tu. Lolote waliloamua, wangeliamua pamoja wakiwa na macho. Kwa hiyo hoja ya kwamba hesabu huzaa shaka imegeuza mambo. Ni kweli kwamba hesabu ya ghafula, iliyoulizwa baada ya mambo kuharibika, huuma kama mashtaka. Hesabu ya kila siku haiumi, kwa maana haimlengi mtu.

Upendo na deni

Turudi kwa wanafalsafa. Ni kweli Aristotle alisema hayo juu ya marafiki. Lakini katika kitabu kilekile alisema jambo jingine ambalo wafanyao biashara na wapenzi wao wangefaa kulijua. Alisema kwamba malalamiko mengi hutokea katika urafiki wenye kuleta manufaa, hasa pale watu wanapopeana bila ya masharti yaliyotajwa. Mmoja hutoa kana kwamba anatoa zawadi, kumbe moyoni anatazamia kurudishiwa kiasi kilekile au zaidi. Anapokosa, huona amedhulumiwa. Mwenziwe naye hushangaa, kwani yeye alipokea zawadi, wala hakukopa.

Hali hii twaijua vizuri sisi walimu. Nyumba ngapi za walimu ambamo mshahara wa mmoja ndio mtaji wa duka la mwenzake? Mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi, hutoa sehemu ikanunuliwa bidhaa, na mwenzake hushinda dukani akiuza. Pengine mtoaji ni mume, pengine ni mke. Mwenye mshahara husema, "Duka ni langu, kwani fedha ni yangu." Mwenye kushinda dukani husema, "Duka ni langu, kwani fedha yako ingeliwa mwezi uleule kama si jasho langu." Kila mmoja amesema nusu ya kweli, na miaka yote hiyo hakuna aliyeitamka nusu yake mbele ya mwenziwe. Kila mmoja alidhani anatoa, na kila mmoja alikuwa akiweka akiba ya lawama.

Hapa twafika kwenye kiini cha makala haya. Watu husema kwamba katika mapenzi hapana deni. Nadhani ni sahihi zaidi kusema kwamba katika mapenzi deni husamehewa. Kusamehe si kutojua. Mtu aliyeandika kwamba anadai shilingi laki moja, kisha akaifuta kwa hiari yake, ametenda tendo la upendo. Mtu ambaye hakujua kwamba anadai hakusamehe kitu. Vivyo hivyo kwa zawadi: mtu hutoa kilicho chake, akijua kwamba ni chake. Mke aliyefanya kazi dukani kwa miaka kumi bila ya kujua fungu lake huenda akasifiwa kwamba alijitolea kwa mapenzi. Lakini je, alitoa? Hakuulizwa, wala hakupata kujua alikuwa na nini mkononi. Fungu lake lilichukuliwa kabla hajapata nafasi ya kulitoa. Tukimsifu kwa ukarimu, tunamnyima hata ukarimu wenyewe.

Kwa hiyo daftari haliui zawadi. Laiti Mama Juma angejua kwamba katika faida ya mwaka ana shilingi laki nane, akaamua zote zilipe ada ya shule ya mdogo wake Baba Juma, tungeona upendo mkubwa, naye Baba Juma angejua ni kitu gani amefanyiwa. Bila ya hesabu, ada italipwa vilevile, ila shukrani haitakuwa na mahali pa kwenda.

Ama ile hoja ya mila, Nyerere mwenyewe aliijibu. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alikiri kwamba jamaa ya zamani ilikuwa na kasoro, na moja ya kasoro hizo ni kwamba wanawake walionekana kuwa duni na walifanya kazi kupita fungu lao la haki. Ghala lilikuwa letu, lakini jembe halikuwa mikononi mwa wote kwa kiasi kimoja. Mila ya kutohesabiana humfaa zaidi yule ambaye hesabu ingemwonyesha kuwa amefanya kazi kidogo.

Mahakama na mirathi

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mume na mke wako peke yao duniani. Hawako peke yao. Wana watoto, wana ndugu, wana wadai, na wana kifo. Jambo ambalo wawili hawakuliamua kwa wema, wengine huja kuliamua kwa sheria.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo wanasheria wa Afrika ya Mashariki huitaja hadi leo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza kwamba ndoa ikivunjika mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika kuchuma mali, wa fedha, wa vitu au wa kazi. Je, kazi ya mke nyumbani ni mchango? Majaji walikuwa wametofautiana. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba ni mchango. Ulikuwa ushindi mkubwa wa fikra. Lakini mke mwenyewe aliyeleta shauri hakupata kitu. Ilionekana kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa jamaa, na fedha zile zilitumika ovyo, mradi usionekane. Mahakama ikahesabu hivyo, ikaona hakustahili nyongeza. Hukumu hii yafaa isomwe yote, pande zake mbili: kazi isiyoandikwa ina thamani, na fedha iliyopokewa ina jawabu. Haki ya hesabu humlinda mke, nayo humdai vilevile.

Fikiria tena mirathi. Katika Uganda, mtu akifa bila ya wosia, Sheria ya Urithi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 humpa mwenzi aliyebaki asilimia 20 ya mali iliyogawanywa, na watoto asilimia 75, ikiwa wapo pia wategemezi na mrithi wa kimila wa kupewa asilimia tano zilizosalia. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1972, fungu la wajane lilikuwa asilimia 15. Sasa tuseme Baba Juma amefariki, na duka lina thamani ya shilingi milioni 10. Ikiwa duka lote lahesabiwa kuwa lake, Mama Juma atapata shilingi milioni mbili. Lakini ikiwa imeandikwa kwamba wawili hao walikuwa wabia wa nusu kwa nusu, milioni tano ni zake tangu hapo, haziingii katika mirathi kabisa, na katika milioni tano za marehemu atapata milioni moja. Jumla ni milioni sita. Kati ya milioni mbili na milioni sita hapana tofauti ya kazi, wala ya mapenzi, wala ya sheria. Tofauti ni maandishi. Bila ya maandishi atalazimika kuthibitisha jasho lake mbele ya watu, akiwa bado amevaa nguo za msiba, na huenda mashemeji wakasema kwamba yeye "alikuwa akimsaidia" tu.

Nchi nyingine za jirani zimepita njia hiyohiyo kwa namna zake. Katika Kongo, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga katika mambo kadhaa ya kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa idhini ile, yakataka mume na mke waafikiane. Katika Rwanda, sheria ya mwaka 1999 iliwataka wafungao ndoa wachague utaratibu wa mali yao: kuchanganya yote, kuchanganya sehemu, au kila mmoja abaki na yake. Yaani siku ileile ya furaha swali la hesabu lilikuwa mezani. Wengine waliona ni jambo la kukwaza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku ifaayo, kwani ndipo kila mmoja yuko tayari kumtendea mwenziwe haki.

Mipaka ya hesabu

Baada ya kuitetea hesabu, hatuna budi kuiwekea mipaka, kwani chombo chema kikitumiwa vibaya huwa silaha.

Kwanza, hesabu tunayoisema ni ya duka, wala si ya nyumba. Hatumwambii mke aandike usiku aliokesha na mtoto mgonjwa, wala mume aandike ndoo za maji alizochota. Lakini hapa pana hatari: kazi za nyumbani zisipoandikwa, zitasahauliwa tena. Nadhani njia ni hii, kwa kutumia maneno ya biashara, kwamba kazi ya nyumbani itambuliwe kwa jumla wala isihesabiwe kwa rejareja. Wanapokubaliana mafungu, yule anayeondoka dukani saa sita kwenda kupika asipunguziwe fungu lake kwa saa hizo, kwani aliyebaki dukani atakula alichopikiwa.

Pili, kila mmoja apate kila mwezi fungu lake, japo dogo, ambalo hatoi maelezo juu yake. Hesabu isiyoacha hata shilingi moja ya siri humfanya mtu mzima kuwa mtoto. Akitaka kumpelekea mama yake kitenge, au kununua kitabu, asihitaji kuomba.

Tatu, daftari lisomwe na wote wawili. Daftari lililofungiwa kabatini na mmoja si hesabu, ni upelelezi. Na hapa jambo linatuhusu sisi. Katika nyumba nyingi mmoja hajui kusoma, au hajui lugha ambayo daftari limeandikwa. Hesabu isiyosomeka na mmoja imekuwa ya mwingine peke yake. Mwalimu amfundishaye mtu mzima kuandika "sukari, kilo mbili, nyumbani" amempa zaidi ya kusoma. Amempa ushahidi wa kazi yake.

Nne, duka likiandikishwa serikalini, liandikishwe kwa majina mawili, na mkopo usichukuliwe kwa jina la duka bila ya wote wawili kukubali. Wasemavyo, kukopa harusi, kulipa matanga. Anayeitwa kwenye matanga ni haki yake kuwa alialikwa harusini.

Hitimisho

Tuliuliza kama kuna hesabu baina ya mume na mke. Jibu letu ni kwamba hesabu ipo siku zote, iandikwe isiandikwe. Isipoandikwa hukaa mioyoni, na moyo ni daftari baya, kwani huandika tulichotoa kwa wino mzito na tulichopokea kwa wino hafifu. Ikiandikwa huwa nje ya wote wawili, wakaweza kuitazama pamoja, wakaisahihisha, na palipo na deni wakalisamehe kwa kujua.

Hegel aliona kwamba ndoa ni kuvuka mpaka wa mkataba, na huenda alisema kweli. Lakini wengi wetu twataka kuuvuka mpaka huo kabla ya kuufikia. Haki ndiyo hatua ya kwanza. Aliyempa mwenziwe haki yake yote anaweza kuendelea kumpa zaidi ya haki, na hapo ndipo mapenzi yanapoanza. Aliyeiruka haki, zawadi zake zote ni malipo ya deni asilolitaja.

Kwa walimu wenzangu ningependa kupendekeza zoezi dogo la darasani. Andikeni ubaoni sentensi mbili: "Mke wangu ananisaidia dukani," na "Mimi na mwenzangu tuna duka." Waulizeni wanafunzi tofauti ni nini. Wataanza na sarufi: kiima, yambwa, umoja na wingi. Waacheni waendelee, kisha waulizeni: mume akifariki usiku wa leo, kwa sentensi ya kwanza mke ana nini, na kwa sentensi ya pili ana nini? Miongoni mwao wamo watakaofungua duka pamoja na wenzi wao baada ya miaka michache, na wengine wamelelewa katika duka kama hilo. Jibu watakalolitoa litawafaa nje ya mtihani.